Programu Hufa, Majedwali Hubaki

Maongezi yangu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia likizungumzwa katika redio, nalo ni namna watunzi wa programu za kompyuta wanavyochagua vyombo vya kuhifadhia mambo ya programu zao ndani ya majedwali ya hifadhidata. Najua kuwa atokeapo msemaji na maneno kama hayo, mkono wa msikilizaji huelekea kwenye kitufe cha kubadili stesheni. Walakini nawasihi mvumilie kidogo, kwa sababu mshahara wa mwalimu, kadi ya mgonjwa, hati ya kiwanja na salio la fedha katika simu, vyote hivi siku hizi vimo katika hifadhidata, na jinsi vinavyoingizwa humo na kutolewa ni jambo linalomhusu hata yule ambaye hajagusa kompyuta maisha yake yote.

Programu inapofanya kazi hushika mambo yake katika kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu hiyo hufutika mara umeme unapokatika. Kwa hiyo lolote linalotakiwa kudumu sharti liandikwe mahali penye kudumu, na kwa muda wa miongo mingi sasa mahali palipoaminiwa kuliko pengine pote ni hifadhidata ya mahusiano, yaani hifadhi iliyopangwa kwa majedwali, ambamo kila mstari ni habari ya jambo moja na kila safu ni sifa moja ya jambo hilo. Asili yake yajulikana. Mwezi wa Juni 1970, Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose katika jimbo la California, alitoa makala iliyoeleza kuwa data nyingi zinazotumiwa na watu wengi zafaa kupangwa kwa mahusiano ya kihisabati, pasiwe na haja kwa mtumiaji kujua zimelazwa wapi ndani ya mashine. Kabla yake, aliyetaka habari alilazimika kuijua njia yote ya kuifikia, kiungo baada ya kiungo. Baada yake, ilitosha mtu kusema anachokitaka, na mashine ikajitafutia njia. Wenzake wawili katika kampuni hiyo hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza mwaka 1974 lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo yajulikana duniani kote kwa herufi tatu, SQL.

Wakati huo huo, mbali na California, fikira nyingine ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mjini Oslo, nchini Norwe, wataalamu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wakitafuta namna ya kuiga ndani ya kompyuta mwenendo wa mambo ya ulimwengu, na katika kutafuta huko wakaunda lugha iliyoitwa Simula 67. Ndani ya lugha hiyo programu haikuwa tena mlolongo wa amri tupu. Ilikuwa mkusanyiko wa vitu vyenye hali na tabia zao, kila kimoja kikijua habari zake na kikijua pia la kufanya kinapoamrishwa. Vitu hivyo watu wa fani huviita objekti. Fikira ile ikaenda Marekani ikazaa Smalltalk, kisha ikaingia katika C++, Java, Python na lugha nyingine ambazo leo ndizo zinazotumika kuandikia sehemu kubwa ya programu za ofisi zetu. Codd alipewa tuzo ya Turing mwaka 1981, na Dahl na Nygaard wakapewa ya mwaka 2001; nayo ndiyo heshima kuu katika elimu ya kompyuta. Basi hapana aliye mpotofu kati ya hao. Shida ni kwamba kila upande ulijengwa kwa shabaha yake, bila ya kumwuliza mwenzake.

Ili ikhtilafu iliyopo baina yao iwe bayana, na tuitazame programu moja ambayo kuzaliwa kwake kuna uhusiano na nchi zetu. OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza kutumika Eldoret, nchini Kenya, mwezi wa Februari 2006, kutokana na ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na Chuo Kikuu cha Moi. Imeandikwa kwa Java, hifadhidata yake ya asili ni MySQL, na chombo kinachoziunganisha mbili hizo ni Hibernate, ambacho nitakieleza baadaye kidogo.

Tafauti ya kwanza ni ya urithi. Ndani ya programu hiyo, mgonjwa ni aina ya mtu: amerithi kutoka kwa mtu jinsia yake, tarehe yake ya kuzaliwa na majina yake, kisha akaongezewa yale yanayomhusu mgonjwa peke yake, mathalan namba za kumtambulishia. Majedwali hayajui urithi. Hapana namna ya kuliambia jedwali kuwa ni mtoto wa jedwali jingine katika hesabu aliyoiandika Codd, na kwa hiyo mtunzi ana khiyari tatu. Aweza kuwachanganya wote katika jedwali moja, kisha avumilie safu nyingi zilizo tupu. Aweza kuipa kila aina jedwali lake kamili, kisha ataabike siku atakapotakiwa kuwahesabu watu wote kwa pamoja. Ama aweza kulifanya jedwali la watu na jedwali la wagonjwa, yakashirikiana namba moja, kisha akubali kuyaunganisha kila mara amwitapo mgonjwa. OpenMRS imeshika njia ya tatu, na inafaa kwake, kwa kuwa mtu mmoja aweza leo kuwa mhudumu wa zahanati na kesho akawa mgonjwa wa zahanati hiyo hiyo.

Tafauti ya pili ni ya mwelekeo. Katika programu, mgonjwa ndiye anayeshika orodha ya majina yake, naye huiambia mashine, nipe majina yangu. Katika majedwali, ni jina ndilo linaloshika namba ya mtu wake, na mstari wa mtu haujui kabisa kuwa una majina mangapi. Tafauti ya tatu ni ya utambulisho: mstari mmoja wa jedwali waweza kusomwa mara mbili ukazaa objekti mbili katika kumbukumbu, kisha moja ikabadilishwa na ya pili ikabaki na habari za kale, ilhali zote mbili zadai kuwa ni mtu yule yule. Na ya nne, ambayo ndiyo iletayo hasara kubwa kuliko zote, ni ya mwendo: programu hupenda kutembea kutoka objekti moja hadi nyingine, hatua kwa hatua, ambapo hifadhidata hupenda kuulizwa mara moja tu, kwa swali lililokamilika, kisha itoe jibu lote.

Hapo ndipo anapohitajika tarjumani. Chombo cha kuhifadhia objekti ni tarjumani aliyekaa baina ya programu na majedwali, akizipokea objekti upande huu na kuzigeuza kuwa mistari upande wa pili, na kuirejesha mistari katika hali ya objekti inapoitwa. Kabla ya kuwapo kwake, kazi hiyo aliifanya mtunzi mwenyewe kwa mkono, akiandika mamia ya maelezo ya SQL yanayofanana, safu baada ya safu, na kila jedwali lilipoongezewa safu moja alilazimika kuyapitia yote upya. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Ottawa, nchini Kanada, ilitoa chombo kilichoitwa TopLink kwa ajili ya Smalltalk, kisha kwa Java. Mwaka 2001 Mwaustralia Gavin King, aliyechoshwa na uzito wa taratibu rasmi za Java za wakati huo, alianzisha Hibernate akaitoa kwa watu wote bure. Ikaenea kwa kasi hata taratibu rasmi zenyewe, zilipoandikwa upya mwaka 2006, zikachukua fikira zake nyingi.

Vyombo vya namna hii sasa ni vingi mno kuhesabika, lakini kwa mwenye kuchagua vyatosha kugawanywa katika madhehebu matatu. Madhehebu ya kwanza huifanya objekti ijihifadhi yenyewe: objekti moja ni mstari mmoja, safu zake ndizo sifa zake, na ukiiambia jihifadhi, inajihifadhi. Martin Fowler wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya ujenzi wa programu za mashirika, ndiye aliyeyapa madhehebu haya jina yanalojulikana nalo. Mifano yake mashuhuri ni Ruby on Rails, aliyoitoa Mdenmaki David Heinemeier Hansson mwaka 2004, na Django, iliyozaliwa katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa watu mwaka 2005. Uzuri wake ni wepesi: kijana mwenye maarifa ya wastani aweza kujenga nayo mfumo mdogo wa shule au wa duka katika muda mfupi. Udhaifu wake ni kwamba programu na majedwali huumbwa kwa sura moja, hata ukiugusa upande mmoja, wa pili nao huguswa.

Madhehebu ya pili huzitenga objekti na majedwali kabisa, kisha humweka tarjumani katikati, mwenye kanuni zilizoandikwa za kuonyesha kila sifa inakwenda kwenye safu ipi. Hibernate ni ya madhehebu haya, na kadhalika SQLAlchemy, aliyoitoa Mmarekani Mike Bayer mwaka 2006 kwa ajili ya lugha ya Python. Vyombo hivi vyaweza kutumikia majedwali yaliyoumbwa na mtu mwingine zamani, kwa mpango ambao wewe usingeuchagua. Vinakumbuka kuwa mstari huu umekwisha somwa, visizae objekti mbili za mtu mmoja. Na vinakusanya mabadiliko yote ya muamala mmoja, yakaandikwa kwa pamoja mwisho wake. Gharama yake ni elimu. Asiyekaa nacho kwa muda mrefu hatajua kwa nini chombo kimeuliza hili na kuacha lile, na atakisingizia uchawi kwa jambo ambalo limeelezwa katika kitabu chake.

Madhehebu ya tatu ni ya wenye kiasi. Hawa humwachia mtunzi aandike SQL kwa mkono wake, na chombo hufanya kazi moja tu, ya kuyachukua majibu na kuyatia katika objekti. MyBatis ya Java ni miongoni mwao, na Dapper pia, iliyotolewa mwaka 2011 na watunzi wa tovuti ya Stack Overflow, waliokuwa wakihitaji wepesi zaidi ya ule waliokuwa wakiupata. Hapa hapana siri, kwa kuwa swali linalokwenda kwenye hifadhidata ndilo hilo hilo uliloliandika. Lakini uchovu wa kazi ya mkono unarudi, hususan kwenye kuhifadhi, ambako objekti moja yenye sehemu kumi yaweza kudai maelezo kumi ya SQL.

Sasa, mwenye kuchagua ashike mizani gani? Mizani yangu ni moja, na yote nitakayoyasema baada ya hapa yanatoka kwake: majedwali huishi kuliko programu. Programu iliyoandikwa leo kwa lugha ya leo itaandikwa upya baada ya miaka kumi, au itaachwa kabisa, au itatupwa kwa sababu kampuni iliyoiandika imefunga mlango. Lakini mgonjwa aliyesajiliwa ndani yake angali hai, na deni lililoandikwa halijalipwa, na kiwanja kingali pale kilipo. Kwa hiyo tarjumani mwema ni yule anayeyaheshimu majedwali, na ambaye siku akiondoka, majedwali yatabaki yakisomeka kwa mtu mwingine asiyemjua.

Jambo la kwanza la kulichunguza ni kama chombo kinakubali kuonyesha SQL yake. Nitawapa mfano unaojulikana na kila aliyefanya kazi hii. Muuguzi anafungua ukurasa wenye wagonjwa 50 wa leo, na mbele ya kila mgonjwa pameandikwa jina la kijiji chake. Mtunzi ameandika mistari michache tu, mizuri kuisoma: chukua wagonjwa, kisha kwa kila mmoja onyesha kijiji. Chombo kinauliza swali moja kupata wagonjwa, halafu, kwa kuwa vijiji havikuombwa tangu mwanzo, kinauliza swali moja kwa kila mgonjwa. Jumla yake ni maswali 51 mahali ambapo moja lingetosha. Kwenye kompyuta ya mtunzi, iliyo na hifadhidata ndani yake, hapana anayeona taksiri yoyote. Lakini tuseme programu iko wilayani na hifadhidata iko ng'ambo, na kila swali hutumia sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi: ukurasa ule utachukua zaidi ya sekunde 5 kufunguka, na muuguzi mwenye foleni mlangoni atarudia daftari lake. Vyombo vyote vikubwa vina dawa ya maradhi haya, nayo ni kuomba vijiji pamoja na wagonjwa kwa swali moja. Ila dawa hutolewa na aliyeyaona maradhi, na hayaonekani mpaka chombo kiamrishwe kuandika kila swali linalopita. Chombo kisichoweza kufanya hivyo kiachwe.

La pili ni ufutaji. Vyombo vingi hukubali kanuni ya kuwa objekti ikifutwa, zile zilizo chini yake nazo zifutwe. Kwa kikapu cha bidhaa katika duka la mtandaoni kanuni hiyo haina neno. Kwa kumbukumbu za hospitali ni hatari kubwa, maana kosa moja la kumfuta mgonjwa laweza kufuta vipimo vyake vyote. Watunzi wa OpenMRS waliliona jambo hili mapema, wakaweka katika majedwali yao safu ya kuonyesha kuwa habari fulani imebatilishwa, nani aliyeibatilisha, lini, na kwa sababu gani, ili kisichotakiwa kifichwe bila ya kupotea. Majedwali hayo hayo yana safu nyingine ndogo inayonifurahisha, inayosema kama tarehe ya kuzaliwa ya mtu ni ya hakika au ya kukadiria, kwa kuwa waliijua hali ya wazee wengi wa kwetu. Hekima ya namna hiyo haitoki katika chombo chochote. Hutoka kwa watu walioyafikiri majedwali yao kabla ya kumwita tarjumani.

La tatu ni watu wawili kuandika pahali pamoja. Karani wa kwanza afungua hesabu ya mteja, na wa pili aifungua hesabu hiyo hiyo. Wa kwanza ahifadhi, kisha wa pili ahifadhi juu yake, na kazi ya wa kwanza yatoweka bila ya mtu kujua. Vyombo vya madhehebu ya pili huzuia hayo kwa kuweka katika kila mstari safu ya namba ya toleo: anayehifadhi hutaja namba aliyoisoma, na ikiwa imekwisha badilika, ombi lake hukataliwa akaambiwa asome tena. Mwenye kujenga mfumo wa fedha aulize mapema kama chombo anachokitazama kinalo jambo hili, na kama sivyo, ajue kuwa kazi ya kuliandika ni yake mwenyewe.

La nne ni mabadiliko ya majedwali. Viko vyombo vinavyojigamba kuwa vitayaunda majedwali vyenyewe kwa kuzitazama objekti zako, na kwa majaribio ya mezani hilo ni jema. Katika kazi ya kweli ni jambo la kuhadhari nalo sana. Hibernate yenyewe ina mpangilio uliowekwa kwa ajili ya majaribio, ambao huyabomoa majedwali yote programu inapozimwa, na ole wake atakayeusahau kwenye seva yenye habari za watu. Njia ya salama ni kila badiliko la majedwali liandikwe katika faili yake, lipewe namba, na litekelezwe kwa zamu. OpenMRS hufanya hivyo kwa chombo kinachoitwa Liquibase, na wengine hutumia Flyway. Vyote viwili vyafaa.

La tano, ambalo wengi hulisahau, ni aina ya kazi yenyewe. Kusajili mgonjwa, kubadili anwani, kupokea malipo, hizi ni kazi za objekti chache zenye sheria nyingi, na hapo tarjumani hustahili ujira wake. Kujumlisha wagonjwa wa malaria kwa kila mkoa kwa miaka mitano ni kazi ya mistari mamilioni isiyo na haja ya objekti hata moja. Kumtuma tarjumani azibebe zote mpaka kwenye programu ili zihesabiwe huko ni kupoteza wakati na kumbukumbu ya mashine, maana hifadhidata yaweza kuzihesabu pale pale zilipo. Mfano wake uko karibu nasi. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoandikwa Chuo Kikuu cha Oslo, katika mji ule ule uliozaa Simula, na ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zinautumia, huhifadhi maelezo ya vituo, fomu na watumiaji kwa Hibernate. Lakini zinapotakiwa hesabu kubwa za ripoti, mfumo huo huandika SQL moja kwa moja na kujaza majedwali maalumu ya uchambuzi. Watunzi wake hawakuona aibu kuwa na njia mbili ndani ya nyumba moja, na hawakuwa na sababu ya kuona aibu.

Wako wasemao kuwa mambo haya yote ni taabu isiyo na hatima. Mmarekani Ted Neward aliandika mwaka 2006 akiyafananisha na vita vya Vietnam, ambavyo Marekani iliviingia kwa hatua nyepesi kisha ikakosa njia ya kutoka. Alimaanisha kuwa chombo hurahisisha siku za mwanzo, na kadiri mfumo unavyokua hudai zaidi na zaidi, hata mtu akajikuta anapigana na tarjumani wake. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, nami sitayakana. Lakini mwenye insafu atakumbuka pia hali ya yule asiye na chombo, anayeandika kila kitu kwa mkono: baada ya miaka miwili huwa amejiundia chombo chake mwenyewe pasipo kukusudia, kisicho na kitabu, kisichojulikana na mtu mwingine yeyote, na siku akihama kazi huwaachia wenzake fumbo. Fauka ya hayo, vyombo vinavyojulikana huyapeleka maneno ya mtumiaji kwenye hifadhidata yakiwa yametengwa na maneno ya swali, na kwa njia hiyo huziba sehemu kubwa ya ule mwanya ambao wezi wa mtandao wameutumia kwa miaka mingi kupenyeza amri zao.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo yawahusu sana vijana wa fani hii, ambao hutumia miezi wakilinganisha chombo hiki na kile, wakihesabu sehemu za elfu za sekunde, huku shamba lingali pori. Iwapo lugha ya kazi yako ina chombo kimoja kinachotumiwa na wengi, chenye kitabu kizuri, chenye leseni isiyokufunga, na ambacho watu wa mji wako wanakijua kiasi cha kuweza kukusaidia, basi chukua hicho uanze kulima. Mfumo mdogo, wenye majedwali utakayoyaunda mwenyewe, utahudumiwa vema na madhehebu ya kwanza. Mfumo mkubwa, au wenye majedwali uliyoyarithi ambayo huna ruhusa ya kuyabadili, una haja ya madhehebu ya pili. Kazi iliyo ya ripoti zaidi kuliko ya kuandika, au inayodai wepesi wa hali ya juu, ni ya madhehebu ya tatu. Na mfumo uliokomaa aghalabu huwa na mawili kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake.

Sharti moja tu sitalilegeza. Asiyejua SQL asichague chombo chochote kati ya hivi mpaka ameijua, kwa kuwa anayemtegemea tarjumani katika lugha asiyoijua hata kidogo hana njia ya kutambua lini ametafsiriwa vibaya. Hapana haja ya kuwa bingwa. Inatosha kuweza kuunganisha majedwali mawili, kuyajumlisha, kuweka ufunguo na faharasa, na kusoma maelezo ambayo hifadhidata hutoa juu ya njia iliyoichagua kulijibu swali. Elimu hiyo hupatikana kwa majuma machache ya bidii, kwa hifadhidata za bure kama PostgreSQL na SQLite, na haichakai: mengi ya aliyojifunza mtu miaka ya 1980 yangali yakitumika leo, ambapo vyombo vilivyokuwa mashuhuri miaka ishirini iliyopita vingi vimesahauliwa.

Neno langu la mwisho nawapa ninyi wakuu wa ofisi, wa shule na wa hospitali, ambao ndio mnaolipa. Mtakapoletewa programu mpya, msishangazwe na rangi za kurasa zake wala na majina ya vyombo vilivyoijenga. Mwulizeni aliyeileta swali moja: siku programu hii itakapoachwa, je, mtu mwingine asiye wewe ataweza kuyafungua majedwali yake akayaelewa? Akiweza kuwaonyesha majedwali hayo na kuwaeleza kila safu ina maana gani, mlipeni haki yake. Asipoweza, mwambieni arudi akayapange kwanza.